"Alikuwa Anatufundisha Tu": Jibu Linalomnyima Yesu Ubinadamu Wake



Kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Linaulizwa kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, kwenye darasa la Kipaimara, hata kijiweni. "Kama Yesu ni Mungu, kule bustanini Getsemani alikuwa anamwomba nani?" Katika miji ya pwani swali hilo mara nyingi hutoka kwa jirani Mwislamu, na si lazima awe na nia ya kugombana. Anauliza kwa sababu jambo lenyewe linamshangaza. Nalo jibu linalosikika mara nyingi kutoka kwa waamini wetu, na wakati mwingine kutoka mimbarini, ni hili: "Hakuwa anaomba kwa shida. Alikuwa anatufundisha tu sisi namna ya kusali."

Katika makala hii tunapenda kusema wazi kwamba jibu hilo halitoshi. Tunakwenda mbali zaidi na kusema kwamba likiachwa lisimame peke yake, linapingana na imani ya Kanisa. Tena wakati wa kulirekebisha ni sasa, kwa sababu teolojia ya Kikatoliki ya miaka sabini iliyopita, pamoja na ile iliyoandikwa na mapadre wa Afrika wenyewe, imetupatia nyenzo za kutosha.

Jibu fupi lenye gharama kubwa

Jibu la "alikuwa anatufundisha tu" linapendwa kwa sababu linamaliza ubishi haraka. Tatizo ni kwamba likishazoeleka halibaki Getsemani. Yesu analia kaburini kwa Lazaro. Tunaambiwa alijua kwamba atamfufua, kwa hiyo machozi yalikuwa ya kutuonyesha mfano. Anasikia njaa jangwani. Tunaambiwa alitaka tujifunze kufunga. Anasema kwamba siku ile na saa ile haijui hata Mwana. Tunaambiwa alijua, ila alificha. Analia msalabani kwamba ameachwa. Tunaambiwa alikuwa anasali zaburi tu. Mwisho wa mlolongo huo tunabakiwa na mtu aliyepita duniani miaka thelathini na kitu akiigiza. Kila alichofanya kilikuwa somo kwa watazamaji, na hakuna hata kimoja kilichokuwa maisha yake.

Kosa hili ni la zamani sana. Wakristo wa karne za kwanza waliwaita walioliamini Wadoketi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kuonekana kama". Walisema Yesu alionekana kama mtu, alionekana kama anateseka. Mtakatifu Ignasi wa Antiokia aliwajibu akiwa njiani kupelekwa Roma kuuawa na wanyama wakali, mwanzoni mwa karne ya pili. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama Yesu aliteseka kwa kuonekana tu, basi hii minyororo niliyofungwa mimi ni ya nini? Mtu anayekwenda kufa kweli hafarijiwi na mtu aliyejifanya kufa.

Hapo ndipo gharama yake inapoonekana hata leo. Mama aliyemzika mtoto wake wiki iliyopita anasikia Injili ya Lazaro. Kijana aliyeambiwa na daktari kwamba figo zake hazifanyi kazi tena anasikia Injili ya Getsemani. Ukiwaambia kwamba machozi yale na jasho lile vilikuwa somo, umewaondolea mwenzao. Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba tunaye Kuhani Mkuu anayeweza kuchukuliana nasi katika udhaifu wetu kwa sababu alijaribiwa katika yote kama sisi, isipokuwa dhambi. Mahubiri yanayopunguza majaribu yake yanaupunguza pia ukuhani wake.

Na nafasi hiyo haibaki wazi. Mgonjwa asiyepewa Yesu anayejua maumivu atampokea Yesu wa mabango ya barabarani, anayeponya papo kwa papo na kumlaumu asiyepona kwamba hana imani. Huyo naye hana ubinadamu. Ni nguvu tu iliyopewa jina. Wengine wataondoka kanisani Jumapili asubuhi na jioni watakuwa kwa mganga, kwa sababu mganga angalau ataketi nao na kuwauliza wanaumwa wapi na tangu lini.

Watu walikufa kwa ajili ya jambo hili

Mwaka 2025 Kanisa liliadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso wa kwanza wa Nisea, uliofanyika mwaka 325. Baba Mtakatifu Leo XIV alisafiri mwezi Novemba hadi İznik, nchini Uturuki, mji uliosimama mahali pa Nisea ya kale. Kutokana na Mtaguso ule, kila Jumapili tunakiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Kasisi Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe vyote lakini kiumbe. Nisea ilikataa, na ili kukataa bila kuacha mwanya ilitumia neno la Kigiriki lisilokuwamo katika Biblia. Tutarudi kwenye jambo hilo la neno.

Kinachosahaulika ni kilichofuata. Wengi wanadhani hatari pekee kwa imani ni kumshusha Yesu. Historia inaonyesha kwamba baada ya Nisea hatari kubwa ilitoka upande wa pili, tena kwa watetezi wa Nisea wenyewe. Apolinari, askofu wa Laodikea, alikuwa mpinzani mkali wa Ario. Aliupenda umungu wa Kristo kiasi cha kufundisha kwamba ndani ya Yesu Neno wa Mungu alichukua nafasi ya akili ya kibinadamu. Mwili ulikuwa wa mtu, lakini aliyefikiri ndani yake alikuwa Mungu peke yake. Mtaguso wa kwanza wa Konstantinopoli, mwaka 381, ulilikataa fundisho hilo. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo alieleza sababu yake: kile ambacho Kristo hakukitwaa hakikuponywa. Kama hakutwaa akili yetu, basi akili yetu haijakombolewa, na sote tunajua kwamba dhambi huanzia huko.

Mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, ulifafanua kwamba Kristo ni Nafsi moja katika asili mbili, Mungu kamili na mtu kamili, bila asili hizo kuchanganyika wala kutengana. Hata hapo mapambano hayakuisha. Katika karne ya saba makaisari wa Konstantinopoli, wakitafuta kuunganisha dola iliyogawanyika, walisukuma fundisho kwamba Kristo ana utashi mmoja tu, ule wa Kimungu. Papa Martino I alikataa. Alikamatwa na kufa uhamishoni mwaka 655. Mtawa Maksimo Mwungamaji alikataa; mwaka 662 alikatwa ulimi na mkono wa kulia ili asihubiri wala kuandika tena, na mwaka huohuo akafa uhamishoni. Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, mwaka 680 hadi 681, ndio uliokiri rasmi kwamba Kristo ana utashi wa Kimungu na utashi wa kibinadamu, na kwamba utashi wake wa kibinadamu unatii kwa hiari.

Na andiko lililokuwa katikati ya ubishi huo wote lilikuwa lipi? Ni sala ya Getsemani. Maksimo alishikilia kwamba pale bustanini tunasikia utashi halisi wa mtu ambao kwa maumbile unaogopa kifo, nao ukajikabidhi kwa Baba. Kwa hiyo anayesema "alikuwa anatufundisha tu" anaweka pembeni, bila kujua, jambo ambalo mtu alikubali kukatwa ulimi kuliko kulikana.

Karne ya ishirini ilivyorudi bustanini

Waseminari wanaoanza Kristolojia mara nyingi huogopa wanapokutana na majina ya kisasa. Wanasikia kwamba tangu karne ya 18 wataalamu wa Ulaya walianza kumtafuta "Yesu wa historia" nyuma ya Yesu wa imani, wakidhani kwamba Kanisa limemfunika. Ni kweli kwamba wengi walipotea njia. Albert Schweitzer, mwenyewe Mprotestanti, alionyesha mwaka 1906 kwamba waandishi wengi wa maisha ya Yesu walikuwa wamechora sura zao wenyewe. Miaka saba baadaye alikwenda Lambaréné, Gabon, kutibu wagonjwa. Rudolf Bultmann naye aliona kwamba imani haihitaji kujua mengi kuhusu Yesu wa Nazareti, na mwanafunzi wake Ernst Käsemann akampinga mwaka 1953, akisema imani isiyomjali Yesu aliyeishi kweli itamgeuza Kristo kuwa hadithi. Mwangalie Käsemann alipokuwa na wasiwasi: ni palepale alipokuwa Ignasi.

Kanisa Katoliki liliyasikiliza haya kwa tahadhari, na halikuziba masikio. Kalkedonia ilipotimiza miaka 1500, mwaka 1951, Karl Rahner, Mjesuiti, aliandika insha iliyowasha moto. Aliuliza kama fasili ya Kalkedonia ni mwisho au mwanzo. Alijibu kwamba ni vyote viwili: ni mwisho wa ubishi fulani, na ni mlango wa kuingilia kwenye fumbo. Kisha akasema jambo linalotuhusu sana: Wakristo wengi wanaokiri Kalkedonia kwa midomo, kichwani mwao wanamwona Mungu aliyevaa ubinadamu kama vazi.

Mwaka 1964 Tume ya Kipapa ya Biblia ilifundisha kwamba Injili zina hatua tatu nyuma yake: maisha na maneno ya Yesu mwenyewe, mahubiri ya Mitume, na kazi ya Wainjili kuandika. Mwaka uliofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilithibitisha hilo katika hati juu ya Ufunuo, Dei Verbum, namba 19. Nayo Gaudium et Spes, namba 22, ikafundisha kwamba Mwana wa Mungu alifanya kazi kwa mikono ya mtu, alifikiri kwa akili ya mtu, alitenda kwa utashi wa mtu na kupenda kwa moyo wa mtu. Akili, utashi, moyo: Apolinari na makaisari wa karne ya saba wanajibiwa wote kwa pamoja.

Ndipo vikaja vitabu vikubwa. Mwaka 1974 peke yake vilitoka vitatu: cha Edward Schillebeeckx, cha Hans Küng na cha Walter Kasper, kila kimoja kikianza safari yake kutoka kwa mtu Yesu wa Nazareti. Amerika ya Kusini, Jon Sobrino aliandika kuhusu Yesu akiwa miongoni mwa maskini wa El Salvador. Si kila kilichoandikwa kilipokelewa. Schillebeeckx aliitwa Roma kujieleza. Kuhusu Sobrino, Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa tamko la mwaka 2006, lililotangazwa 2007, kwamba baadhi ya kauli katika vitabu vyake haziendani na imani ya Kanisa, hasa zile zinazogusa umungu wa Kristo. Hatuna sababu ya kuyaficha haya. Njia ya kuelekea ubinadamu wa Yesu ina shimo lake pia, na Kanisa liliweka alama pale shimo lilipo. Halikuifunga njia.

Ushahidi kwamba halikuifunga ni mafundisho yake yenyewe. Mwaka 1985 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ilitoa hati juu ya ufahamu ambao Yesu alikuwa nao kuhusu nafsi yake na utume wake. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha, namba 472, kwamba maarifa ya kibinadamu ya Yesu yalikuwa na mipaka na yalikua, kama Luka anavyosema kwamba alizidi kukua katika hekima. Namba 473 na 474 zinaongeza kwamba akili hiyohiyo ya kibinadamu ilimjua Baba kwa ukaribu usio na kifani, kwa sababu ni akili ya Mwana. Namba 475 inarudia fundisho la Maksimo kuhusu utashi mbili. Papa Benedikto XVI naye, katika juzuu ya pili ya kitabu chake kuhusu Yesu wa Nazareti, ya mwaka 2011, alipofika Getsemani alimwendea Maksimo.

Basi, alisali kwa nani?

Sasa tunaweza kumjibu jirani yetu. Alisali kwa Baba. Alisali kweli, kwa akili ya mtu na kwa hofu ya mtu, na alilihitaji jibu.

Jirani atasema: kumbe si Mungu. Hapo tumweleze polepole. Kama tungekuwa tunasema kwamba Mungu aligeuka kuwa mtu, kama maji yanavyogeuka kuwa mvuke, swali lake lingetushinda. Hatusemi hivyo. Wala hatusemi kwamba Mungu alimzaa mtoto kama wanadamu wanavyozaa. Hilo tunalikataa kama yeye anavyolikataa. Tunasema kwamba milele yote Mwana anapokea yote kutoka kwa Baba na kumrudishia yote kwa upendo. Mwana huyo alipotwaa akili na utashi wa kibinadamu, upendo huo wa milele ulipata sauti ya mtu. Sala ya Yesu ni umwana wake uliosikika kwa lugha ya Kiaramu, usiku, kwa mtu anayetoka jasho. Hakujisali mwenyewe. Alisali kama Mwana, na ndiyo maana alimwita Mungu Aba.

Huenda jirani asikubali, na hatumlazimishi. Lakini atakuwa amesikia imani yetu yenyewe, na atakuwa ameonyeshwa heshima ya kujibiwa alichouliza. Jibu la "alikuwa anatufundisha" humwachia mashaka mapya: huyu mnayesema ni kweli tupu, kumbe alikuwa anajifanya?

Ndugu wa damu

Hapa wanateolojia wa Afrika wana neno la kuchangia, nasi tunasikitika kwamba linasomwa zaidi Leuven na Roma kuliko katika parokia zetu. Padre Charles Nyamiti, mzaliwa wa mkoa wa Tabora, alifundisha Seminari Kuu ya Kipalapala na baadaye Nairobi. Mwaka 1984 alichapisha kitabu kinachomweleza Kristo kama Mhenga wetu. Hakuwa na maana ya wahenga wa methali. Alikusudia wazee waliotangulia, ambao ukoo unawaheshimu na kuwasiliana nao. Alichambua sifa zao: mhenga ana undugu wa kweli na walio hai, ameingia katika hali takatifu kwa njia ya kifo, ni kiungo kati ya ukoo na Mungu, ni mfano wa mwenendo mwema, na ana haki ya kukumbukwa na kuzungumzwa naye daima. Nyamiti alimwita Kristo Mhenga aliye Ndugu. Katika Kongo, Padre Bénézet Bujo alimwita Mhenga wa Kwanza, ambaye ndani yake yote mema ya mababu yanatimia.

Angalia sifa ya kwanza. Undugu wa kweli. Hakuna ukoo unaomfanya mhenga mgeni aliyekuja kuigiza maisha yao akaondoka. Mhenga alilima shamba lilelile, aliugua magonjwa yaleyale, alizika watu wake. Mwafrika anayemwita Yesu Mhenga amekwisha kiri, kwa lugha ya nyumbani kwake, kile ambacho Konstantinopoli ilikitetea.

Wapo wanaoliona neno hili kuwa la hatari, kwamba litawarudisha waamini kwenye matambiko. Hofu yao haidharauliki. Hata hivyo tukumbuke Nisea: nayo ilitwaa neno lisilokuwamo katika Biblia, likaoshwa, likatumika. Kinachotakiwa ni kuliosha neno, na Msalaba ndio unaoliosha. Kwa mila za makabila mengi, Yesu asingestahili kuwa mhenga hata kidogo. Alikufa kijana. Hakuacha mtoto wa kumtaja jina. Alikufa kifo kibaya, cha aibu, nje ya mji, na kuna koo ambazo mtu wa kifo cha namna hiyo hatajwi tena. Na siku ya tatu alifufuka, kwa hiyo si marehemu anayekumbukwa bali ni Hai anayetukumbuka sisi. Kwa hiyo neno "Mhenga" likimwendea Yesu haliwezi kurudi lilivyokuwa. Wale ambao ukoo uliwafuta sasa wanaye wa kuwataja: mgumba, aliyekufa bila kuoa, aliyekufa vibaya.

Kuna jambo zito zaidi. Mhenga wa kawaida huunganisha ukoo mmoja, na kwa kufanya hivyo huutenga na mwingine. Sinodi ya kwanza ya Afrika ilikutana Roma kuanzia tarehe 10 Aprili hadi 8 Mei 1994, ikalichagua fundisho la Kanisa kama Familia ya Mungu. Wiki zilezile, huko Rwanda, Wabatizwa walikuwa wanawaua Wabatizwa, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia. Hakuna hoja ya kitabuni inayoweza kulifunika jambo hilo. Linatuambia kwamba Kristolojia ya undugu isiyofika kwenye damu ya ukoo haijafika popote. Kama Yesu ni Ndugu yetu wa damu kweli, kwa mwili alioutwaa na kwa Ekaristi tunayokula, basi jirani wa kabila jingine ni ndugu wa damu kabla hajawa kitu kingine chochote. Na kama ubinadamu wake ulikuwa vazi tu, undugu huo nao ni vazi, na vazi huvuliwa.

Je, tutamshusha?

Tunajua litakaloulizwa. Waamini wa kawaida, wanaozungukwa na midahalo mitaani, si wanahitaji kwanza kuambiwa kwamba Yesu ni Mungu? Tukianza kusema kwamba aliogopa na kwamba alijifunza, si watamwona nabii tu kama wengine?

Pingamizi hili ni la haki na linahitaji jibu la haki. Ni kweli kwamba kuna vitabu vilivyoanza na mtu Yesu na kuishia hapohapo. Anayehubiri ubinadamu wa Kristo bila Nisea amehubiri nusu. Lakini dawa ya nusu moja si nusu nyingine. Tena, umungu ukihubiriwa bila ubinadamu haulindwi, unapotea: tunabaki na Mungu aliye mbali kama zamani, ambaye alitutembelea bila kutugusa. Ajabu ya imani yetu ni kwamba aliyeogopa Getsemani ni Mungu kweli. Ondoa hofu, na ajabu imekwisha.

Na waamini wa kawaida wana uwezo kuliko tunavyodhani. Wanaofanya Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima wakisimama kila Yesu anapoanguka wanajua bila kufundishwa kwamba aliumia kweli. Ibada yao ni sahihi. Kinachohitajika ni mahubiri yasiyoipinga.

Mambo matatu ya kuanza nayo

Kwanza, sala zetu. Msikilize anayesali kwa maneno yake mwenyewe katika Jumuiya: anaanza na Mungu Baba, katikati anamshukuru kwa kufa msalabani, na anamaliza kwa jina lako Yesu. Baba hakufa msalabani. Liturujia ndiyo mwalimu hapa: karibu sala zote za Misa zinamwendea Baba, kwa njia ya Mwana, katika Roho Mtakatifu. Katekista akiwafundisha waamini mpangilio huo mmoja, atakuwa amefundisha Kristolojia nzima, kwa maana tunasali tukisimama mahali pa Yesu, ndani ya sala yake kwa Baba.

Pili, homilia. Ndugu mafrateri, mkiandaa Injili yoyote, jiulizeni kama Yesu mnayemweleza angeweza kuchoka. Msikimbilie muujiza kabla ya kukaa pale Yohane anapokaa, kisimani, adhuhuri, kwa mtu anayeomba maji kwa sababu ana kiu. Na mkiitwa kuhubiri mazishi ya mtoto, yaacheni machozi ya Yesu yawe machozi.

Tatu, lugha. Nyamiti aliandika kwa Kiingereza, Bujo kwa Kifaransa na Kijerumani. Seminari zetu zina kazi ya kuyaandika haya kwa Kiswahili cha kueleweka kigangoni, kwa vitabu vidogo vinavyoweza kusomwa kwenye Jumuiya jioni moja. Nisea iliandika kwa lugha ya watu waliokuwa wanabishana. Nasi tuna watu wanaobishana, nao wanabishana kwa Kiswahili.

Swali la Getsemani litaulizwa tena, pengine wiki hii. Anayeulizwa asikimbie. Amwambie mwulizaji kwamba ndiyo, Yesu alisali kwa Baba, kwamba aliogopa, na kwamba alibaki. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa figo anayesali usiku wa manane, akiogopa naye, hasali peke yake.